Mama Adolphine na Maneno ya Wakubwa

Kwa miaka ishirini na minne Mama Adolphine Mushiya aliwavalisha wakubwa maneno, na hakuna aliyemshukuru, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba amevalishwa.

Alikuwa sekretari wa kamati ya uongozi katika chuo kikuu kimoja cha Kolwezi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi wakubwa wanne walikaa kwenye meza ndefu: Rekta mwenyewe, ndiye mkuu wa chuo, katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala na msimamizi wa bajeti. Yeye alikaa mwisho wa meza, karibu na mlango, na daftari lake. Kikao kilianza kwa Kifaransa, kama kanuni inavyotaka. Kikipata moto, Kifaransa kilichukua kofia yake kikatoka, Kiswahili kikaingia bila kubisha hodi. Hapo ndipo mambo ya kweli yalipoamuliwa. Baadaye Adolphine alirudi ofisini kwake akaandika kwa Kifaransa safi ile karatasi ya kumbukumbu wanayoiita PV, ambayo ndiyo chuo chote kinaiamini.

Sasa sikiliza jinsi alivyokuwa akifanya. Siku moja Tata Kabasele, msimamizi wa bajeti, alipiga meza akasema: "Ile gari ya kufwa mi sipande tena! Bapande benyewe!" Katika PV ikasomeka: Kamati ilieleza wasiwasi wake kuhusu hali ya gari la kazi. Profesa Muteba wa masomo akimwita mwenzake mjinga mbele ya watu, PV ilisema: Maoni tofauti yalitolewa. Na kila uamuzi, uwe mkubwa au mdogo, aliufunga kwa maneno yale yale: kwa makubaliano na idara inayohusika. Maneno hayo alifundishwa na sekretari aliyemtangulia, mama mmoja mkali aliyemwambia kwamba PV isiyo na maneno hayo ni bukari bila mboga, yaani ugali mtupu.

Usidhani alifanya hivyo kwa woga. Aliwapenda. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe asingelisema. Alijua kwamba Rekta Kabemba, profesa mzima mwenye vitabu, husahau miwani yake kila mahali na huona haya kuiulizia. Alijua kwamba Profesa Muteba amekuwa na hasira tangu afiwe na mke, na kwamba kabla ya hapo alikuwa mtu wa vichekesho. Watu hao walimpitia kila asubuhi wakimuuliza, "Mama Adolphine, umeamuka?" Atawaachaje waende uchi mbele ya watoto wa watu?

Lakini ili umvalishe mtu ni lazima kwanza umwone alivyo. Kwa hiyo kikaoni aliandika kila neno kama lilivyotoka mdomoni, kwa maandishi ya mkato aliyofundishwa na masista, katika daftari za kawaida za shule. PV ikishasainiwa, daftari liliingia katika kabati la chuma na kufungwa. Hakuwahi kutupa hata moja. Kwao, watu wa Kasai, hata nywele zikinyolewa hazitupwi ovyo. Aliona maneno ya mtu hayawezi kuwa na thamani ndogo kuliko nywele zake. Baba yake aliletwa kutoka Kasai na kampuni ya mgodi, akamzaa Adolphine katika kambi ambayo nyumba zake zote zilifanana, na kitu alichomwachia ni tabia hiyo tu ya kutunza.

Mungu alimpa wavulana watano. Msichana alimletea kazini.

Msichana huyo alikuwa Mignonne Ntumba, mwenye miaka ishirini na saba, na ndiye aliyekuwa idara nzima ya informatiki ya chuo. Nasema nzima kwa sababu hapakuwa na mwingine. Ofisi yake ilikuwa kachumba chini ya ngazi. Siku yake ya kwanza alikuja kutengeneza kompyuta ya Adolphine, akakuta mama wa watu ameizima kwa kuchomoa waya ukutani, kama alivyozoea miaka yote. Hakucheka. Alikaa kando yake akamwonyesha polepole, kisha akasema: "Mama Ado, hata mi nyumbani minafanyaka vile." Ulikuwa uongo, na Adolphine alimpendea uongo huo. Tangu siku hiyo walikula pamoja saa sita, bukari na samaki wa kugandishwa wa tomson, au na mboga ya lengalenga mwezi ukiwa mrefu na mshahara uko mbali.

Mwaka mmoja, mwezi wa pili, chuo kikapata seva, yaani ile kompyuta kubwa inayotunza alama za wanafunzi wote na kuzigawa kwa kompyuta nyingine. Ukitaka kujua iliamuliwaje, jibu ni fupi: Rekta alikwenda Lubumbashi akaona wenzake wanayo. Mashine ikafika ndani ya sanduku, na kikao kikaitwa kuamua itakaa wapi.

Mignonne aliitwa pia. Mwalikwa haketi katika kamati. Alisimama ukutani, mikono nyuma. Akapewa dakika tatu.

"Tata Recteur, batata bote," alisema, "hii mashini inaomba fasi yake yenyewe. Chumba ya baridi, yenye haifungwe na muntu moya. Hailale. Ukiizima, chuo yote inazimika. Kukuwe funguo mbili, na moya ikuwe kwangu, juu kama kintu inaharibika ni mi ntatengeneza."

Wakamshukuru. Halafu wakajadiliana kana kwamba ni mlango ndio uliosema.

"Alama ni mambo ya masomo," alisema Profesa Muteba. "Itaikala kwangu."

"Kintu ya bei inachungwa na mwenye bajeti," alisema Tata Kabasele. "Itaikala kwangu."

Katibu mkuu wa utawala, mtu wa kukubali, alikubaliana na wote wawili. Wakavutana karibu saa nzima, wakafika hadi kukumbushana nani aliajiriwa mwaka gani. Kuhusu baridi, umeme na funguo hakuna aliyesema neno. Mwishowe Rekta akanyoosha mkono.

"Kintu ya heshima inakaa kwa mukubwa. Na climatiseur ya muzuri, ya kuleta baridi, iko kwangu. Imekwisha. Ma fille, binti yangu, umesikia?"

"Nimesikia, tata," alisema Mignonne. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Lakini mi sikubali. Siku utasafiri, tutafanya namna gani?"

Rekta akacheka, bila ubaya, kama mtu anavyomcheka mtoto wa nyumbani. "Ntasafiri na ufunguo. Hautapotea."

Wote wakacheka. Adolphine naye alitabasamu, akiandika. Siku ile ile alasiri akachapa: Baada ya mazungumzo yenye manufaa, Kamati iliamua seva iwekwe katika ofisi ya Rekta, kwa makubaliano na idara ya informatiki. Akaenda nyumbani kupika.

Miezi ikapita, mashine ikanguruma kwa Rekta kando ya kabati lake la vitabu. Mignonne alipotaka kuigusa aliomba ruhusa kwanza, akasubiri wageni wa Rekta watoke. Kazi ilienda kwa kuchechemea, lakini ilienda.

Kisha Rekta akaitwa Kinshasa, safari ya kazi ya siku tatu, wiki moja kabla ya sherehe ya kutoa diploma. Kama mtu mwangalifu alizima umeme wote wa ofisi yake, radi isije ikachoma kitu, akafunga mlango, akaweka ufunguo mfukoni. Siku tatu zikawa tano, tano zikawa kumi na moja. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawakuweza kupata alama zao, maprofesa hawakuweza kufunga orodha. Mignonne alimpigia simu kila siku. Kila siku jibu lilikuwa: "Nakuya kesho. Mulango basiguse."

Wangeuvunja? Wewe hujui kwetu. Mlango wa mkubwa huvunjwa akishakufa. Kuuvunja yu hai ni kumtangazia msiba, na hakuna mfanyakazi wa chuo ambaye angeshika nyundo hiyo hata umlipe. Basi wote walipita mbele ya mlango ule wakiutazama, wakaendelea na safari zao.

Jumamosi ya sherehe ikafika. Wazazi hawakuwa wameambiwa. Kutoka Sandoa walikuja watu kumi na wanne wa ukoo mmoja, wameshona kitambaa kimoja, chini kwa juu. Kutoka Dilolo alikuja mama mmoja peke yake na kuku wawili waliofungwa miguu, zawadi ya profesa aliyemsimamia mwanawe. Wote wakakuta karatasi langoni: sherehe imeahirishwa. Mama wa Dilolo alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, malori ya madini yakipita na kumtia vumbi, akavua kilemba chake kipya, akakikunja vizuri na kukirudisha kwenye mfuko. Adolphine alimwona kwa dirisha. Jambo hilo lilimuuma hata akashindwa kufanya kazi siku ile.

Kelele zilifika Kinshasa kabla Rekta hajaondoka huko. Ikaja barua: nani aliamua seva ifungiwe? Jibu litolewe, na hatua zichukuliwe.

Ijumaa iliyofuata, Rekta akiwa amesharudi, kamati ilikutana kwa haraka. Watu wazima walikuwa na hofu. Profesa Muteba akaitisha PV ya mwezi wa pili, akapitisha kidole juu ya mistari, akasoma kwa sauti: "Kwa makubaliano na idara ya informatiki." Meza nzima ikashusha pumzi.

"Kama Mignonne alijua ni hatari," Rekta akauliza, "juu ya nini hakusema?"

Na hakuwa anasema uongo. Hilo ndilo lililomtisha Adolphine. Kweli alikuwa amesahau. Wote walikuwa wamesahau. Miezi mitano ilikuwa imepita, na karatasi ndiyo iliyokumbuka kwa niaba yao. Wakaamua Mignonne apewe barua ya kuomba maelezo, ile demande d'explication ambayo kila mfanyakazi wa serikali anaiogopa kuliko nyoka. Jumatatu kamati ingekaa tena na kumwondoa kazini.

Adolphine aliichapa barua hiyo yeye mwenyewe. Alipofika kwenye maneno "ambayo idara yako ilikubali", vidole vilisimama. Maneno yalikuwa yake. Mwezi ule wa pili hakuna mtu aliyeyatamka popote duniani isipokuwa kompyuta yake. Akaimalizia, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuacha barua nusu, akaipeleka chini ya ngazi.

Mignonne alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena.

"Mama Ado," alisema, "lakini mi nilisema. We ulikuwa pale. Ulikuwa unaandika."

Adolphine akamwambia, "Kula kwanza, mwanangu," akafungua bakuli. Mignonne akalitazama lile bakuli, akamtazama yeye, akachukua mkoba wake akatoka.

Jumapili, baada ya misa, Adolphine alikaa uani kwake, mtaa wa Manika, akimenya maharagwe na mumewe, Kisimba, mtu wa kaskazini ya Katanga aliyemaliza kazi yake kwenye reli pale Tenke. Kisimba ni mtu wa maneno machache na masikio marefu. Akamwacha amenye hadi alipoanza kutupa maharagwe kwenye maganda na maganda kwenye sufuria.

"Sema," akamwambia.

Akamweleza yote. Kisimba alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa bakubwa banasema ni mutoto njo alikosa."

"Njo vile banasema."

"Na weye unasema nini?"

"Mi sisemake mu comité, Kisimba. Naandikaka tu."

"Basi weye njo ulimufunga," alisema mzee, taratibu, kama mtu anayemwambia mkewe kwamba chumvi imezidi. "Habakumufunga bale. Bale balisahau. Weye ulikuwa na maneno yake mu kabati."

Adolphine akalia. Alilia kwa ajili ya msichana, na pia, kwa nini tufiche, kwa ajili yake mwenyewe. Akisema kweli, atakuwa anasema kwamba PV za miaka ishirini na minne hazikuwa kweli. Alikuwa na jina moja tu pale chuoni, la mtu ambaye karatasi yake haibishiwi, na hilo ndilo angelipoteza. Labda na kazi, akiwa amebakiza miaka mitatu apumzike. Kisimba alimwacha alie, akaokota maganda kutoka kwenye sufuria moja moja. Akasema tu: "Mutoto ya bantu, Ado."

Jumatatu wakubwa wakaketi. Mignonne aliambiwa asubiri nje, kwenye benchi. Desturi ya kila kikao ni kwamba sekretari husoma kwanza PV iliyopita, watu wakubali, ndipo kazi ianze. Siku hiyo Rekta alimwomba asome ile ya mwezi wa pili, ili iwekwe kwenye jalada la kumwondoa Mignonne.

Adolphine akasimama. Akasoma tarehe. Akasoma majina ya waliohudhuria. Kisha akaiweka karatasi mezani.

"Tata Recteur," alisema, "naomba ruhusa. Hii PV iko na uongo, na uongo ni wangu."

Miaka ishirini na minne hawakuwahi kumsikia akisema kitu ambacho hakikuandikwa. Profesa Muteba alivua miwani. Hakuna aliyemkataza, nafikiri kwa sababu hakuna aliyejua kanuni inasemaje sekretari akiongea. Akafungua daftari la shule, lenye jalada la bluu lililochakaa, akaanza kusoma kama walivyosema: alama ni mambo ya masomo, itaikala kwangu. Kintu ya bei inachungwa na mwenye bajeti, itaikala kwangu. Alisoma mwaka ambao kila mmoja aliajiriwa. Alisoma dakika tatu za Mignonne zote, chumba cha baridi, funguo mbili, ukiizima chuo yote inazimika. Hakuongeza sauti wala hakupunguza.

"Mi nilisema vile?" aliuliza Tata Kabasele.

"Vile vile, tata."

"Kumbe unaandikaka byote?"

"Byote, tata. Nyuma njo nabivalisha."

Rekta alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na mwisho?" aliuliza. "Mi nilisema nini mwisho?"

Hapo Adolphine akataka kuruka mstari, kwa sababu alimpenda mzee huyu na alijua kitakachofuata kitamwaibisha. Hakuuruka. Akasoma: "Mignonne anasema: mi sikubali, siku utasafiri tutafanya namna gani? Tata Recteur anasema: Ntasafiri na ufunguo, hautapotea." Kisha akaongeza, kwa sababu liliandikwa, "Batu bote banacheka."

Safari hii hakuna aliyecheka. Rekta alitia mkono mfukoni, akautoa ufunguo akauweka mezani mbele yake, akautazama kwa muda kana kwamba ni wa nyumba ya mtu mwingine. Kisha akainuka mwenyewe, akafungua mlango.

"Mwanangu, ingia," alisema. Mignonne akaingia akaenda kusimama ukutani, mahali pa waalikwa. Rekta akavuta kiti. "Hapana. Ikala hapa. Tena utuambie ile fasi, polepole. Safari hii tunasikia."

Uamuzi ulichukua dakika kumi. Seva ilihamishiwa chumba kilicho kando ya maktaba, kilichokuwa kimejaa viti vilivyovunjika, na ufunguo mmoja ukapewa Mignonne. Kinshasa wakajibiwa kwamba kosa lilikuwa la kamati. Barua ya Mignonne ikachanwa palepale, na Profesa Muteba ndiye aliyeichana, vipande vidogo vidogo, akisema kwamba baba yake mwenyewe asingemsamehe kumwonea mtoto wa watu. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini kweli haimalizi yote: diploma zilipotolewa majuma mawili baadaye, ukoo wa Sandoa ulirudi watu wanne tu, na mama wa Dilolo hakurudi kabisa. Mwanawe alipokea karatasi yake bila mtu wa kumpigia vigelegele, mpaka Adolphine alipojikuta amesimama na kuvipiga.

Lakini nimekimbia mbele. Siku ile ya kikao, kabla hawajaondoka, Tata Kabasele alikohoa akasema kwamba kuna jambo. PV ni hati ya serikali. Mtu akiandika kisichosemwa, sheria inataka aombwe maelezo, hata awe mama yetu. Alisema akitazama dirisha, na ilimuuma kusema. Wote wakamtazama Rekta.

"Sheria ni sheria," alisema Rekta, kwa sauti ya chini.

Adolphine akainamia daftari akaandika: Mama Adolphine atapewa demande d'explication. Kisha akauliza, "Niweke tarehe ya leo, tata?"

Basi alasiri ile akachapa barua ya kumshtaki Adolphine Mushiya. Akaitia ndani ya jalada la saini, akaipeleka kwa Rekta, ikasainiwa, akairudisha, akaigonga muhuri. Akafungua daftari la kupokelea barua akasaini upande wa anayetoa, kisha akasaini upande wa anayepokea. Akakaa na kujisomea. Alikuwa na saa arobaini na nane za kujibu.

Kesho yake saa sita Mignonne aliingia na bakuli mbili. Alifunika meza kwa gazeti, akaweka bukari katikati, akanawa.

"Mama Ado, tukule."

"Umenisamehe?"

"Samaki itapoa," alisema msichana, na akamchambulia miiba, jambo ambalo kwetu mtu humfanyia mama yake.

Jibu alilipeleka Jumatano asubuhi. Alikuwa ameandika la kwanza kwa Kifaransa, kurasa mbili, likatoka limevaa koti na tai, akalichana. La pili aliliandika kwa mkono, kwa Kiswahili cha nyumbani, na nadhani ni hati ya kwanza ya lugha hiyo kuingia katika majalada ya ofisi ile. Lilikuwa hivi:

"Tata Recteur, ni kweli. Naliandika bitu byenye habikusemwa. Si juu ya kuogopa. Naliwaza siku moya batoto ba bantu batasoma mambo yenu, basiwacheke. Nalitaka muonekane bazuri, juu mi nawaonaka bazuri. Nalificha maneno yenu ya mubaya. Sikuona kama mu kuyaficha nalificha na ya yule mutoto yenye ilikuwa ya muzuri. Hiyo njo kosa yangu. Malipizi yenye mutanipa, nitapokea."

Rekta alilisoma mlango ukiwa wazi. Adolphine aliyekuwa mezani kwake upande wa pili alimwona akigeuza karatasi kuangalia kama kuna zaidi nyuma. Kwa kawaida angeandika neno moja pembeni, akaiweka kwenye jalada, na jalada lingerudi kwa Adolphine, naye angejua hatima yake. Hakuandika. Alitoka na karatasi mkononi, akavuta kiti cha wageni, akakaa mbele ya meza ya sekretari wake, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Mama," alisema, "mi niko hapa miaka munane. Ile yote iko mu kabati?"

"Yote, tata."

"Niliongeaka mubaya mingi?"

Adolphine alifikiri. Alitaka kumpunguzia, mdomo ulishafunguka kwa neno laini. Akaufunga.

"Mingi, tata. Lakini kuko siku zingine uliongea muzuri sana, na hizo nazo nilizivalisha."

Mzee akapapasa mfuko wa shati, mfuko wa koti, hakupata miwani. Akaacha kutafuta.

"Nisomee," alisema. "Anza na siku yangu ya kwanza."

Adolphine akainuka, akafungua kabati la chuma, akachukua daftari la miaka minane nyuma, la kikao cha kwanza cha Rekta. Akakaa na kuanza kusoma.